Boma Halikuletwa na Mwingereza

Wapenzi wa lugha na malenga wenzangu, kuna uongo mmoja unaozunguka katika majengo ya kale ya nchi hii, na umezunguka kiasi cha kuota mvi na kuheshimiwa kama mzee. Uongo wenyewe unadai kwamba boma si neno bali ni kifupisho: B ni ya British, O ni ya Overseas, M ni ya Management, na A ni ya Administration. Yaani Mwingereza alikuja, akajenga ofisi, akaandika herufi nne mlangoni, nasi kwa ujinga wetu tukazisoma kwa pamoja na kujipatia neno. Makala hii naiandika kuupinga uongo huo, na kuipinga tabia iliyouzaa, ambayo naiona ni mbaya kuliko uongo wenyewe.

Nimeusikia mara nyingi. Mara ya mwisho niliusikia kwa kijana mtembeza wageni, katika mji ambao sitautaja, mbele ya jengo ambalo sitalitaja. Aliusema kwa Kiingereza kizuri, na wageni wakauandika katika madaftari yao. Nilipomuuliza kwa Kiswahili ameupata wapi, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, ndivyo tulivyofundishwa." Simlaumu. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na najua kwamba mwanafunzi hurudisha alichopewa. Lawama yangu inatuangukia sisi tuliokabidhiwa lugha hii, tukaacha asili ya maneno yetu isimuliwe na kila mwenye kipaza sauti.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa kalenda haina upendeleo. Waingereza waliitwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na Shirikisho la Mataifa likawathibitishia udhamini wake mwaka 1922. Sasa pandeni nami kilima cha Mikindani, mji mkongwe wa bandari jirani na Mtwara. Juu ya mji huo, likitazama ghuba, lipo jengo lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Hilo ndilo Boma la Kale, ambalo leo ni hoteli. Ikiwa herufi ya kwanza ya neno hilo ni ya Mwingereza, basi Mjerumani alikuwa akimjengea jirani yake ofisi, na kumwandikia jina mlangoni, zaidi ya miaka ishirini kabla mwenye ofisi hajafika. Huo ungekuwa ukarimu wa ajabu kwa mataifa mawili yaliyokuja kumwagiana damu katika ardhi yetu.

Mbishi atasema: labda jina lilibandikwa baadaye. Vema, tuliache jengo, tufungue vitabu. Henry Morton Stanley alilitumia neno boma katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1878, akimaanisha uzio wa miti na miiba. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, alifariki mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882. Boma limo humo. Mwaka huo hapakuwa na koloni la Mwingereza wala la Mjerumani katika pwani yetu. Palikuwa na Sultani wa Zanzibar na wenyeji wenye miji yao. Utawala ambao eti ulilizaa neno ulikuwa bado haujazaliwa. Mtoto hamzai mama yake.

Kuna hoja ya pili, nayo ni ya kisarufi. Desturi ya kuokota herufi za mwanzo za maneno na kuzisoma kama neno moja ilienea hasa katika karne ya ishirini. Sisi wa ushairi tunaijua vizuri, maana tunao mfano wetu: UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Waanzilishi wake walikuwa na akili ya kuchagua jina ambalo herufi zake zinaunda neno lililokuwapo tayari. Je, atatokea siku moja mtembeza wageni aseme kwamba Waswahili hawakuwa na ukuta hadi washairi walipounda chama? Mtacheka. Lakini hilo ndilo hasa tunalokubali kulisikia kuhusu boma, tena tunatikisa kichwa.

Nami nazungumza kama mzaliwa wa Manda, pwani ya Ziwa Nyasa, karibu na mahali ambapo mto Ruhuhu unaingia ziwani. Kwetu tunayo mizani nyingine ya kupimia jambo hili. Mjerumani alipofika ziwani alipenda kubatiza. Manda aliiita Wiedhafen. Liuli, kusini yetu, aliiita Sphinxhafen, na ni hapo ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo. Tukuyu aliiita Neu Langenburg. Kasanga ya Ziwa Tanganyika aliiita Bismarckburg. Lushoto aliiita Wilhelmstal. Majina hayo yalichapwa katika ramani, yakapigiwa mihuri, yakaandikwa katika barua za serikali. Yako wapi leo? Ukimuuliza mvuvi wa Manda njia ya kwenda Wiedhafen atadhani umepotelea nchi nyingine. Jina lililopandikizwa bila mizizi lilinyauka mara tu aliyekuwa akilimwagilia alipoondoka.

Boma halikunyauka. Wajerumani waliondoka, wakaja Waingereza, nao wakaondoka, na kila wilaya imebaki na mtaa wake wa Bomani. Sababu ni nyepesi: neno hilo halikuwa lao. Walilikuta, wakaliazima. Utawala wa Kijerumani uliendesha kazi zake nyingi kwa Kiswahili, na katika biashara hiyo ya maneno sisi tulichukua kwao shule na hela, wao wakachukua kwetu boma. Hesabu ilikuwa sawa. Ajabu ni kwamba miaka mia moja na zaidi baadaye, wajukuu wa mkopeshaji wanatangaza kwamba wao ndio wadaiwa.

Mkivuka ziwa kutoka kwetu mtafika Malawi. Huko, katika Kichewa, boma ndilo neno la serikali. Si ofisi ya mkuu wa wilaya tu, bali serikali yenyewe. Tazameni safari ya neno hili moja: kwa mfugaji ni zizi na kaya yenye uzio wa miiba, kwa askari ni ngome, kwa karani wa zamani ni makao ya wilaya, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa ni dola. Neno la herufi nne limebeba historia nzima ya namna binadamu wa ukanda huu wanavyojizingira: kwanza dhidi ya simba, kisha dhidi ya adui, mwisho wakazingirwa wao na mtawala. Ukisema ni kifupisho cha Mwingereza umeifuta historia hiyo kwa pumzi moja.

Na neno halijazeeka. Nendeni leo Ludewa, au wilaya yoyote ya nchi hii, mwulize mwenyekiti wa kijija chochote maana ya boma. Hatakuonyesha jengo la Wajerumani. Atakuonyesha kuta za darasa au zahanati ambazo wanakijiji wamezipandisha kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, zikafika kwenye lenta, zikasimama zikingoja bati. Hayo ndiyo maboma yanayotajwa bungeni kila bajeti: maboma ya madarasa, maboma ya nyumba za walimu, maboma ya zahanati. Wananchi hawakuomba ruhusa kwa yeyote kulipa neno maana hiyo mpya. Lugha iliyo hai ndivyo ifanyavyo. Sasa mtu anawezaje kusimama mbele ya watu hawa, walioinua boma kwa mikono yao, akawaambia kwamba hata jina la walichokijenga waliletewa na meli?

Nimeitaja Mikindani, na sina budi kueleza kwa nini nilipanda kilima kile, maana mzee wa Manda hana shughuli nyingi huko. Mikoa ya Nyasa na bandari za kusini ni ndugu wa zamani, na si undugu wa furaha wote. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka ukanda wa ziwa letu ikashuka hadi Kilwa na bandari nyingine za kusini. Nilitaka nikiwa hai niione njia hiyo, kwa basi badala ya miguu, kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Nilipofika nikalala siku mbili katika Boma la Kale. Nilipokewa kwa shikamoo, nikapewa maji baridi, nikaoneshwa chumba chenye kuta nene ambamo joto la mchana halikufika. Sina lalamiko juu ya nyumba ile, na natamani kila mwalimu mstaafu aione.

Jengo lile lilikuwa limechakaa sana kabla ya kufufuliwa. Shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid ndilo lililoshughulikia kulikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990, likaligeuza hoteli na mahali pa kuwafundisha vijana wa hapo kazi za hoteli. Natoa shukrani bila kigugumizi. Lakini hebu tulitazame jambo hili vizuri. Mjerumani alijenga, Mwingereza wa hisani akarejesha. Sehemu yetu sisi ni ipi? Mafundi walikuwa wetu na jasho lilikuwa letu, hilo najua. Nauliza sehemu yetu ya akili. Chokaa inaweza kununuliwa na mfadhili, na boriti vilevile. Neno mfadhili hawezi kulinunua. Kama sisi hatukulileta, nafasi yake itazibwa na lolote litakalookotwa njiani, na ndipo vifupisho vya uongo hupata mlango.

Nimetaja chokaa kwa makusudi. Majengo ya kale ya pwani yetu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa katika tanuu kutokana na matumbawe hayo hayo. Ghorofa ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba; ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Fundi wa Zanzibar au wa Lamu atakwambia kwamba ukuta wa namna hiyo haupakwi saruji. Saruji ni ngumu, humeta, na siku ya kwanza hupendeza. Lakini huuzuia ukuta kupumua: unyevu na chumvi hufungiwa ndani, lipu huvimba, kisha humeguka pamoja na jiwe. Hadithi ya kifupisho ni saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Inameta, inashika haraka, mgeni anaipenda, na chini yake neno linaoza.

Basi ni maneno gani yanayostahili kupakwa katika kuta hizo? Yapo, tena mengi. Nyumba ya mawe ya Mswahili ina msamiati mzima. Nje kuna baraza ya kukalia, na penye lango kuna daka ambamo mgeni husubiri. Mlango wa nakshi una miimo yake ya pande mbili, una kizingiti cha juu na cha chini, na katikati una mfaa unaofunika mwanya wa mbao mbili. Ndani kuna behewa, yaani ua uliozungukwa na vyumba; neno hilo lilipopanda gari moshi likawa chumba cha abiria, na leo wengi hawajui kwamba lilianzia nyumbani. Ukutani kuna vidaka vya kuwekea vyombo na vitabu. Juu kuna roshani. Mgeni anayelala katika hoteli ya kihistoria hulala katikati ya maneno haya yote, akayakanyaga, akayaegemea, akafungua na kufunga, na akaondoka bila kuambiwa hata moja. Aondokapo anajua maneno mawili: "jambo" na "hakuna matata". La kwanza tumelikata kichwa, kwa kuwa Mswahili husalimia kwa hujambo na hamjambo, na jambo peke yake ni jambo tu. La pili ni sahihi kisarufi, lakini limepigiwa ngoma watalii kiasi kwamba limekuwa kama ua la plastiki.

Nimelala, kwa pensheni yangu ndogo na kwa hisani ya watoto wangu, katika hoteli kadhaa za kale za pwani. Katika mojawapo, ambayo haitatajwa, historia yote ya nyumba ilitundikwa ukutani kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine mbili za Ulaya. Kiswahili nilikipata mahali pamoja tu: kwenye kibao cha mlango wa nyuma kilichowataka wafanyakazi wafunge geti. Orodha ya chakula ilikuwa hivyo hivyo. Pweza wa nazi alikuwa amebatizwa jina refu la Kiingereza, hata mpishi aliyempika nina shaka kama angemtambua. Kibao kile cha geti kimenikaa moyoni. Kinasema waziwazi yale ambayo kwa midomo tunayakana: kwamba Kiswahili ni lugha ya kuamrishia mtumishi, na historia ni mali ya mgeni.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa hii ni biashara, na mwenye fedha ndiye mchagua lugha. Jibu langu ni kwamba hakuna mgeni aliyefunga safari kutoka Ulaya hadi Mikindani ili asikie Kiingereza. Cha kwao amekiacha nyumbani kikiwa kizima. Kuandika kibao kwa lugha mbili, Kiswahili juu na nyingine chini, hakumfukuzi mtu. Tena wapo wageni wa ndani. Mwalimu wa Masasi, mfanyabiashara wa Makambako, bibi harusi wa Mtwara, nao hulipa kwa shilingi zilizo halali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji anyamaze.

Nitaambiwa pia kwamba lugha zote hukopa, na kwamba wazee kama mimi tunaona haya bure. Hapana. Sioni haya ya mkopo hata kidogo. Meza na leso tulizipata kwa Mreno. Gereza nalo tulilipata kwake, na kwake lilikuwa kanisa. Ngome ya Kilwa Kisiwani ndiyo iitwayo Gereza hadi leo. Shule na hela nimekwisha kuzitaja. Tunakopa na tunakiri, na mikopo yetu imeandikwa katika kamusi kwa uwazi. Ninachokataa ni kudaiwa deni tusilokopa. Mtu akija na hati ya uongo akasema shamba la baba yako ni la babu yake, humwachii shamba kwa kuwa tu wewe ni mkarimu.

Na wa tatu atauliza: asili ya neno moja ina uzito gani, watu wakiwa na shida ya maji na dawa? Swali hili naliheshimu, maana huulizwa na watu wenye shida za kweli. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Anayeaminishwa kwamba neno lake ni la kuokota ataaminishwa na mengine. Ataambiwa kwamba Mikindani ilianza Livingstone alipofika mwaka 1866 akiianza safari yake ya mwisho, na hataambiwa kwamba alikuta mji wenye watu na biashara yake, wala kwamba Chuma na Susi walikuwamo katika msafara ule, ndio waliokuja kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Ataambiwa kwamba Boma lilijengwa mwaka 1895, na hataambiwa kwamba mwaka 1888 mawakala wa kampuni ya Wajerumani walilazimika kuikimbia Mikindani kwa ghadhabu ya wenyeji. Wala kwamba Machemba, mtawala wa Wayao nyuma ya pwani hiyo, alimjibu Wissmann mwaka 1890 kwamba hatamtii. Wala kwamba mwaka huo huo wa 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa. Jengo halikupandishwa kilimani kwa sababu ya upepo mwanana. Lilipandishwa ili wa chini waone kwamba wanaonwa. Ukilala humo bila kuyajua hayo, umelala katika picha.

Tena majengo yana kejeli zake. Dar es Salaam nako kuna Boma la Kale, lililojengwa na Sultani Majid mnamo 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Lile la Dar es Salaam lilianza nyumba ya wageni likaja kuwa ofisi ya serikali. La Mikindani lilianza ofisi ya serikali likaja kuwa nyumba ya wageni. Yamepishana njiani yakipunga mkono. Yote mawili yameitwa kwa neno moja, na neno hilo halikuandikwa na Sultani, wala Mjerumani, wala Mwingereza. Liliandikwa na midomo ya watu waliopita chini ya kuta hizo wakaona kinachofanana na walichokijua: uzio wenye mtu mkubwa ndani.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka huo huo sheria yetu ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Tulishangilia, nami nilishangilia. Lakini kila Julai tunapovaa fulana na kupiga picha, hebu mmoja wetu aulize: je, Kiswahili kimeshapanda ngazi za hoteli iliyo juu ya kilima cha mji wake? Lugha inayokubaliwa Addis Ababa na kukaa nje ya mlango wa Bomani haijafika mbali.

Yatakiwayo si makubwa. Watembeza wageni wapewe maelezo ya Kiswahili yaliyopitiwa na watu wa BAKITA na wa mambo ya kale, nao ndio wayatafsiri kwenda lugha za wageni, badala ya kuanza na Kiingereza na kuishia hapo. Hoteli ziandike majina ya sehemu za nyumba pale zilipo: hili daka, huu mfaa, hiki kidaka. Walimu wa Kiswahili wa kusini wawapandishe wanafunzi wao kilima kile, na somo la msamiati lifundishwe kwa kugusa. Nasi washairi tuyarudishe maneno hayo katika tungo. Pwani ya kusini si jangwa la fasihi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi Vita vya Maji Maji, na mwaka 1957 utenzi huo ukachapishwa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mtu wa Lindi aliona vita nzima ikastahili tungo. Sisi tumeshindwa hata kuutungia mlango?

Ili nisionekane nahimiza nisichofanya, natoa beti hizi mbili, nikiwakaribisha malenga wenye nguvu zaidi waziendeleze:

Boma neno la wazazi, si herufi za kupanga,
La miiba na mizizi, la mifugo kuichunga,
Mgeni wa juzijuzi, alikuta tumejenga,
Vipi leo, waelezi, mwaliita la kuunga?

Kuta zapakwa chokaa, zikang'ara kilimani,
Na wageni huzagaa, roshani na barazani,
Lugha nje inakaa, yapiga hodi langoni,
Mwenyeji anashangaa, kuwa mgeni nyumbani.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mdogo, una upana wa herufi nne. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakaposimama mbele ya jengo la kale na kusikia B ni ya fulani na O ni ya fulani, usicheke ukapita, wala usimfedheheshe kijana anayesema. Mngoje amalize, mvute kando, mwambie habari za Krapf na kamusi ya 1882, mwambie habari za jengo la 1895, kisha mpeleke kijiji cha karibu akaone boma linalongoja bati. Akishaliona kwa macho yake, hatahitaji tena kufundishwa na mtu neno hilo ni la nani.